Kitanda cha Miguu Mitatu: Namna ya Kutengeneza Filamu ya Kweli Inayoleta Msaada

Nilikaa juu ya kile kitanda karibu saa nzima bila kujua habari yake. Ilikuwa mwaka 2018, kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ndani ya kibanda cha matofali ya udongo. Mwenyeji wangu, mama wa makamo kutoka Burundi, aliketi juu ya ndoo iliyofunikwa, mimi akanilazimisha nikae kitandani kwa kuwa mgeni hakai chini. Nilimuuliza habari za kuni. Alizungumza kama dakika tatu, mkono wake ukionyesha mara nje, mara chini ya kitanda. Mkalimani akanigeukia: "Anasema maisha ni magumu, kuni hakuna." Nikaitikia kwa kichwa, nikaenda kwenye swali jingine.

Wiki mbili baadaye, nikiwa Kigoma mjini, nilimpa dada mmoja wa Kirundi asikilize ile sauti upya na kuniandikia neno kwa neno. Akasimamisha katikati. "Dada, hapa anasema walichoma mguu wa kitanda." Usiku wa mvua, jirani yake alikuwa amejifungua, maji ya moto yanahitajika, kuni zote zimelowa. Mama yule akashika panga, akakata mguu mmoja wa kitanda chake, akawasha moto. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya kitanda hichohicho, kona moja imeinuliwa kwa matofali mawili, na sikuwa nimeuliza kwa nini.

Nilirudi Nyarugusu kwa ajili ya matofali yale. Ndiyo yaliyofungua filamu yetu ya dakika 9, na watu walioiona ndio waliochangia majiko banifu. Kama ningebaki na "maisha ni magumu", nisingekuwa na filamu.

Mimi ni mpiga video wa Ujiji. Nimeanza na harusi, sendofu na mahafali ya shule, na mpaka leo harusi ndizo zinazolipa pango. Kazi hii nyingine, ya kupiga habari za wakimbizi, niliingia mwaka 2015, Warundi walipoanza kuvuka kwa maelfu. Nakuandikia wewe uliye na kamera, au simu nzuri tu, na unataka picha zako zimfae mtu aliye kwenye shida. Sehemu kubwa ya ninayoyasema nimejifunza kwa kukosea, na nina jambo moja ninalolishikilia kuliko yote: filamu ni mali ya aliyemo ndani yake kabla haijawa yako wala ya mfadhili. Ukilishika hilo, mengine mengi yanajipanga.

Kosa langu la kwanza

Mei 2015, Kagunga, kijiji kidogo cha ufukweni mpakani mwa Tanzania na Burundi, kilijaa watu wapatao 50,000. Nyuma ni milima, mbele ni ziwa, barabara ya gari hakuna. Kipindupindu kikaingia. Meli ya MV Liemba, ile iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ikawa inabeba watu kama 600 kwa safari moja kuwaleta Kigoma mjini, wapumzike uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika, kisha wapande mabasi kwenda Nyarugusu.

Shirika moja lilihitaji mtu wa kupiga picha haraka. Nikaenda. Pale gatini nikamwona binti ameshika chandarua kilichofungwa furushi, analia. Nikampiga picha za video na za mnato, karibu sana, bila kumuuliza jina wala ruhusa. Nilijiambia hakuna muda. Picha ile ikaenda, ikatumika kwenye kalenda ya kuchangisha fedha, chini yake wameandika kwa lugha ya kigeni kwamba amepoteza kila kitu.

Mwaka uliofuata nilimkuta Nyarugusu, mzima, ana genge dogo la dagaa. Alinitambua yeye kabla sijamtambua. Picha ilikuwa imesambaa kwa simu mpaka ikafika kwao Rumonge, Burundi, na mtu aliyewatafsiria ndugu zake yale maneno alisema "amepoteza wote". Mama yake aliamini wajukuu wamekufa. Walikaa msibani. Watoto walikuwa hai. Siku ile ya picha walikuwa wamesimama hatua nne pembeni yangu, wanagawiwa biskuti. Binti hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Kwa nini hukuniuliza nalilia nini?" Alikuwa analia kwa sababu ya jino.

Sina la kujitetea hapo. Tangu siku hiyo hakuna maandishi yanayokwenda chini ya picha yangu kabla sijayasoma mimi na kabla mwenye sura hajasomewa kwa lugha yake. Ninaliandika kwenye mkataba na shirika. Wakikataa, sifanyi kazi hiyo.

Anza na ombi

Kabla hujagusa kamera, andika sentensi moja: nani, akishaona filamu hii, afanye nini? Yetu ya 2018 ilisomeka hivi: "Waumini wa makanisa matatu na misikiti miwili ya Kigoma wachangie majiko banifu kwa kaya zenye wajawazito na wazee katika zoni moja ya Nyarugusu, fedha zipitie kikundi cha akina mama cha kambini." Ina mtazamaji anayejulikana, ina kitu cha kununua, ina mkono wa kupokea. "Kuelimisha dunia kuhusu wakimbizi" haina hata kimoja kati ya hivyo.

Najua kuna picha zilizoifumbua macho dunia nzima kwa mkupuo mmoja. Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyeianzisha kampuni ya picha ya Camerapix Dar es Salaam mwaka 1963, alipiga picha za njaa ya Korem, Ethiopia, zikarushwa na BBC tarehe 23 Oktoba 1984 na sauti ya mwandishi wao Michael Buerk. Kilichofuata kinajulikana: michango ya watu wa kawaida, kisha tamasha la Live Aid tarehe 13 Julai 1985, London na Philadelphia. Mtu wa ukanda wetu aliyebeba kamera begani aliokoa watu wengi. Ninamheshimu sana.

Lakini baada ya Korem yalizuka maswali mazito kuhusu waliokuwa mbele ya kamera: wamelala vumbini, hawana majina, hawasemi, Mzungu anasema kwa niaba yao. Maswali hayo hayakuwa ya bure. Mwaka 1989 mashirika ya maendeleo ya Ulaya yalipitisha kanuni za picha na ujumbe, kwamba aliyeathirika aonekane kama binadamu mwenye akili na juhudi zake, si windo la huruma. Mimi nilizisoma kanuni hizo nikiwa nimeshafanya kosa la gatini. Ukizipata mapema zaidi yangu, una bahati.

Vibali ni habari fupi. Kambini Tanzania huingii na kamera bila kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, na ukifika unaripoti kwa mkuu wa kambi. Anza kufuatilia mapema kuliko unavyodhani inahitajika, beba nakala nne, na usijaribu njia ya mkato, maana atakayelipia si wewe bali mwenyeji wako. Kisha nenda kwa viongozi wa wakimbizi wenyewe: mwenyekiti wa zoni, akina mama wa kikundi, mchungaji. Kibali cha wizara kinakupitisha getini, lakini mlangoni kwa mtu unapitishwa na hao.

Ridhaa, na hapa usiwe na haraka

Karatasi ya ridhaa lazima uwe nayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamlinda kila mtu aliye hapa nchini, mkimbizi pamoja naye. Kenya wana ya kwao ya 2019. Ila karatasi peke yake ni ya kukulinda wewe. Mtu aliyekimbia vita, anayeishi kwa mgao, akiletewa karatasi na mgeni aliyekuja na gari la shirika, anatia dole gumba. Anaogopa akikataa jina litafutwa kwenye orodha ya unga. Hajaridhia huyo.

Ninavyofanya mimi, siku ya kwanza naenda bila kamera. Ninamwambia mwanzo kabisa, na ninarudia mbele ya jirani yake, kwamba mimi sigawi chochote, sina orodha, na akisema hapana hakuna kitakachopungua. Halafu namwonyesha kwenye simu yangu filamu fupi niliyowahi kutengeneza, ili aone "kuonekana kwenye filamu" maana yake nini. Wengi wanadhani unapiga picha ya kuweka ofisini.

Kisha namuuliza maswali mawili. La kwanza: "Ni nani usingependa aione hii?" Hili swali lina thamani kuliko karatasi nzima. Mmoja aliniambia mume wake wa zamani, aliyeko Bujumbura. Mwingine akasema binti yake anayesoma sekondari, maana wenzake watamcheka. Mzee mmoja wa Kikongo kutoka Fizi alisema watu waliochukua shamba lake, akaona heri asionekane sura, nikabakiza mikono na sauti yake tu. La pili: "Nikishaituma ikaingia WhatsApp siwezi kuirudisha. Bado unataka?" Usimfiche hilo. Mwambie wazi kwamba anaweza kujiondoa mpaka siku fulani, mtajie siku yenyewe, mwachie namba ya mtu wa pale kambini atakayempigia, si yako tu.

Nauliza mara tatu: siku ya kwanza, siku ya kupiga baada ya kumaliza, na siku ninapomwonyesha filamu iliyokatwa. Katikati hapo watu hubadilisha mawazo. Nimewahi kupoteza mhusika mkuu siku ya tatu. Inauma, fedha ya basi imekwenda, lakini ndiyo haki yake.

Kuhusu fedha: simlipi mtu ili anisimulie msiba wake, kwa sababu kesho jirani atakuja na msiba mkubwa zaidi. Ila mtu aliyeacha shughuli zake siku nzima kwa ajili yangu namfidia siku hiyo, nakula alichopika baada ya kuwa nimeleta unga, mchele na mafuta asubuhi, na nasema wazi kwa kikundi ni kiasi gani nimetoa. Kuna wanaopinga hata hilo. Sikubaliani nao, mkalimani analipwa, dereva analipwa, kwa nini anayepoteza siku yake ya kusaka kuni arudi mikono mitupu?

Kuna ridhaa ambayo hata akiitoa mimi siipokei. Filamu ile ilikuwa ya kuni, na kuni ziko nje ya kambi. Mkimbizi haruhusiwi kutoka kambini bila kibali, na huko porini wanawake wamepigwa, wamebakwa. Akina mama wawili walikuwa tayari niwafuate alfajiri mpaka msituni. Hebu fikiria: sura yake, yuko nje ya mpaka, tarehe inajulikana, mti uliokatwa unaonekana. Nimemtengenezea mashtaka kwa mkono wangu. Nilikataa. Tulipiga miguu ikitoka mlangoni gizani, kisha skrini ikabaki nyeusi na sauti yake ikasimulia njia. Watu wanasema ndiyo sehemu inayowashika zaidi.

Angalia na vitu vidogo: namba ya kadi ya mgao iliyoning'inia shingoni, namba ya nyumba iliyopakwa chokaa ukutani, sare ya shule ya mtoto. Zima kwenye simu huduma ya kuonyesha mahali ulipo kabla ya kupiga, maana faili linabeba ramani. Na kwa mtu aliyedhulumiwa kimwili, kumfifisha sura hakutoshi, ndugu wanamjua kwa kitenge na kwa sauti. Mpige picha kwa nyuma, nguo aazime kwa mwenzake, na maneno yake yasomwe na mwanamke mwingine.

Vifaa

Sitakaa sana hapa. Simu nzuri inatosha. Fedha ikiwepo, nunua maiki ya kubana kifuani kabla ya lenzi, kwa kuwa mtazamaji huvumilia picha mbaya lakini sauti mbaya humfukuza. Hedifoni masikioni wakati wote. Stendi nyepesi, pawabenki mbili, memori kadi zaidi ya moja, na kila jioni nakili kazi yako sehemu mbili. Mimi diski moja huiacha kwa mtu Makere, kijiji cha jirani na kambi, nisije nikaibiwa begi lote kwenye basi. Vumbi jekundu la Kasulu linaingia kila mahali: mfuko wa nailoni na brashi ya rangi isiyotumika vitakusaidia kuliko vifaa vya dukani. Usivae fulana yenye nembo ya shirika unapopiga, watu wataisemesha fulana badala ya kukusemesha wewe.

Piga kazi, usiwinde machozi

Kwa siku mbili nilimpiga picha mama wa kitanda akipika tu. Alikuwa na gogo moja la unene wa mkono. Alilipasua kwa panga vipande vyembamba kama penseli za seremala, akavipanga mafungu mawili juu ya kanga. "Haya ya ugali, haya ya njegere." Zile njegere za mgao ni ngumu, zinakula moto, kwa hiyo alikuwa amezilowesha tangu jana yake. Akahesabu fungu la njegere mara ya pili, akatoa vijiti viwili, akavificha nyuma ya mtungi. Sufuria lilipochemka aliondoa moto kabla njegere hazijaiva, akalifunga sufuria ndani ya blanketi kuukuu, liive lenyewe kwa joto lake. Makaa akayanyunyizia maji, akayaanika. Kesho yangewasha tena.

Hakuna aliyelia. Lakini mtazamaji akishaviona vijiti viwili nyuma ya mtungi, huna haja ya kumwambia kuni ni shida. Na ameona kitu kingine: huyu mama ana hesabu kali kuliko mhasibu. Anayechangia jiko baada ya hapo anamchangia mtu anayejua atalitumiaje. Kumchangia mtu kama huyo na kumwonea huruma ni vitu viwili tofauti, na tofauti hiyo inaonekana hata kwenye barua zinazokuja na michango.

Kwa hiyo piga mikono. Piga mwanzo, katikati na mwisho wa kila kazi, usiondoke nusu. Acha kamera ikae sekunde ishirini baada ya wewe kudhani imetosha. Vile vijiti viwili nilivipata kwa kusahau kuzima. Rekodi sauti peke yake pia: mvua kwenye turubai, panga, redio ya jirani, watoto wakikimbizana na gurudumu. Utazihitaji.

Kukaa na mtu na kumuuliza

Salimia sawasawa. "Amahoro", salamu ya Kirundi, na tabasamu peke yake haitoshi. Uliza watoto, uliza usiku, uliza mguu unaouma. Kambini siyo sababu ya kuruka adabu. Mzee ni mzee, mama ni mama. Nimewaona vijana wa mjini wakimwita bibi wa miaka sabini "mnufaika" mbele yake.

Kaa chini ya usawa wa macho yake au sawa naye. Kamera iwe pembeni ya bega lako ili azungumze na wewe. Usimuulize "ulijisikiaje?", atakujibu "vibaya", na ni haki yake. Muulize kilichotokea. Uliamka saa ngapi? Mlangoni ulichukua nini mkononi? Nani alitangulia? Mtu akianza kukumbuka alishika nini, moyo unafuata wenyewe, na anaamua mwenyewe afike wapi. Akinyamaza, nyamaza naye. Akifika mahali sauti inakatika, zima kamera, weka chini, mpe maji. Endeleeni tu akisema yeye. Na usimalizie mazungumzo kwenye msiba: muulize anapika nini leo, au anamfundisha nini mjukuu, ili unapoondoka asibaki peke yake na yale uliyoyafukua.

Sasa mkalimani. Kiswahili cha Wakongo nakielewa vizuri, sisi wa Ujiji tuna damu ya Manyema, watu wa asili ya mashariki mwa Kongo. Kirundi nakisikia nusu, na nusu hiyo ndiyo ya hatari, inakufanya uitikie kichwa. Tafuta mkalimani wa jinsia ya mhusika, asiye jirani yake, na mkae chini kabla: mwambie hutaki muhtasari, unataka alivyosema, kwa "mimi" na siyo "anasema yeye". Akisema dakika tatu na wewe ukaletewa sentensi moja, rudi nyuma hapohapo, uliza. Kisha hata kama yote yamekwenda vizuri, mpe mtu wa pili aisikilize sauti yote na kuiandika. Ni gharama, iweke kwenye bajeti tangu mwanzo. Mimi bila gharama hiyo ningebaki na kitanda ambacho sikukiona.

Mezani

Chapa mazungumzo yote kwenye karatasi, kata kwa mkasi, panga sakafuni kabla hujafungua kompyuta. Utaona mwenyewe hadithi iko wapi. Sekunde thelathini za mwanzo ziwe na kitu cha kuuliza: matofali chini ya kitanda, siyo ramani ya Afrika. Msimulizi wa nje mtoe kabisa ukiweza. Mhusika ajisemee, na maandishi ya tafsiri chini ya picha yawe mafupi, mistari miwili, yakae muda wa kutosha mtu wa umri wa mama yangu kuyasoma.

Muziki wa huzuni usiweke. Ni kumshika mtazamaji shingo. Zile sauti za mvua na panga zinatosha.

Shirika likikulipia, kutakuja barua ya kuomba "hisia zaidi". Maana yake machozi. Mwaka ule waliniomba nihamishe kilio cha mama mmoja, alichokilia kwa habari ya mwanawe, nikiweke mahali anapozungumzia kuni. Kingefaa sana. Kingekuwa uongo. Niliwajibu kwamba nitawapa vijiti viwili nyuma ya mtungi badala yake, na nikawaonyesha. Walikubali. Wakikukatalia siku moja, jina lako liondoe kwenye kazi hiyo.

Mwishoni weka ombi, moja, kwa maneno ya mtu wa pale. Kwetu, mwenyekiti wa kikundi alishika jiko mkononi akasema linagharimu kiasi gani, linaokoa mizigo mingapi ya kuni kwa mwezi kwa jinsi walivyopima wenyewe, na fedha zitapokelewa na nani. Sekunde arobaini. Tengeneza na kipande cha dakika moja cha kutuma kwa simu, chenye ombi lilelile, kwa sababu hicho ndicho kitakachotembea.

Waonyeshe wenyewe kwanza

Machi 2012 video moja ya Wamarekani kuhusu Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa Uganda, ilitazamwa na watu zaidi ya milioni 100 ndani ya siku chache. Mwezi huohuo ikaonyeshwa Lira, kaskazini mwa Uganda, kwa watu walioonja mateso ya Kony wenyewe. Walikasirika, wengine wakarusha mawe, onyesho likakatishwa. Hawakujiona mle ndani. Dunia nzima ilikuwa imewatangulia kuiona habari yao.

Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu: mhusika kwanza, nyumbani kwake, peke yake au na amtakaye. Kisha watu wa zoni. Kisha ndiyo mfadhili. Kambini Kakuma, Kenya, shirika la FilmAid walikuwa wakionyesha filamu jioni kwa skrini kubwa, maelfu wamekaa chini; sisi tulikuwa na shuka jeupe, projekta ya kuazima na betri ya sola, tukangoja giza. Akina mama tuliwaonyesha siku yao peke yao, ili waseme.

Na walisema. Mzee mmoja akauliza mbona vijana waliopanda miche pembezoni mwa zoni hawamo, watu watadhani sisi ni wa kukata tu. Alikuwa sahihi, nilirudi kuwapiga picha asubuhi yake. Mama wa kitanda naye aliomba kitu kimoja. Kulikuwa na shoti ya yeye ameinama kwenye moto, mwanga unamwangaza ubavuni, kitenge kimechanika begani. Ilikuwa shoti nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga maishani. Akasema: "Hiyo itoe. Siku ile nilikuwa sijajiandaa." Nilijaribu kumweleza uzuri wake. Akanisikiliza mpaka mwisho kwa heshima, kisha akarudia: itoe. Niliitoa mbele yake kwenye kompyuta, akiangalia, mpaka ikafutika.

Baada ya fedha kupatikana, kazi yako haijaisha. Rudi na hesabu: zimeingia kiasi gani, yamenunuliwa majiko mangapi, nani kapata, nani kakosa na kwa nini. Ibandike ukutani kwa Kiswahili na Kirundi. Utaulizwa maswali makali na aliyekosa, simama uyajibu. Picha ambazo hazikutumika zifute siku uliyoahidi. Na chapisha picha, zile za karatasi, uwapelekee. Wengi wao albamu za harusi na za marehemu zilibaki upande wa pili wa ziwa.

Mimi nilichapa sita kwenye studio ya Kasulu. Yule mama alizipitia zote taratibu, akachagua moja, ya mikono yake ikigawa vijiti juu ya kanga, akaibandika kwa ugali wa moto ukutani, juu ya kitanda. Nilimuuliza kama atatafuta fundi aweke mguu wa nne. Akasema mbao ameshapata, ila kwanza anamtengenezea mjukuu kiti cha kusomea.